Siku Mwanne Alipokuja Kuandikiwa

Kaka yangu Lukumani hakuwa wakili. Niseme hilo mapema, maana Tabora nzima walimwita Wakili na yeye, Mungu amrehemu, hakuwahi kuwakatalia. Mawakili wa kweli mjini kwetu, siku zile za Mwingereza, walikuwa Wahindi wawili wavaa tai, na hao barazani kwa Liwali hawakuruhusiwa kutia mguu. Mbele ya Liwali mtu alijisemea mwenyewe. Ila ilibidi shauri lifike kwanza kwa maandishi, na wengi wetu kalamu tuliijua kwa kuiona tu mifukoni mwa makarani.

Lukumani alikuwa karani wa mizigo stesheni. Ule mwaka biashara ilipoanguka dunia nzima, reli ikapunguza watu na yeye akapunguzwa. Alikaa nyumbani wiki mbili akinuna. Wiki ya tatu akabeba meza yetu ya kulia, benchi moja, kalamu na chupa ya wino, akaenda kukaa kwenye kibaraza cha duka, penye njia ya kwenda bomani. Hapo alikaa miaka ishirini na minane. Mimi Batuli, mdogo wake, niliuza vitumbua hatua sita kutoka mezani pake, kwa hiyo haya sikuhadithiwa. Niliyaona, na mengine niliyasikia ingawa hayakunihusu.

Waliomjia wengi walikuwa wanawake, na shida yao ilikuwa moja, ndoa imewashinda. Alimwacha mtu aseme mpaka amalize, kalamu ikiwa chini, shavu kwenye kiganja. Hakumkatiza mtu. Ukilia alisubiri. Ukishamaliza alikuuliza swali lake lile lile, na mji mzima ulilijua:

"Unataka kuachika, au unataka kusikilizwa?"

Kuachika ilikuwa njia ya nyumbani. Mnakaa na wazee, wawili wa huku na wawili wa huko, unarudisha mahari au unasamehe haki yako, mume anakupa talaka yako kwa maandishi, na mtaani hakuna anayejua mligombania nini. Kusikilizwa ilikuwa njia ya barazani. Unamshitaki kwa Liwali, unataja makosa yake mbele ya watu, naye anakujibu, na mashahidi wanaletwa. Ukishinda, ndoa inavunjwa na haki zako zinakuwa mkononi. Ukishindwa, unarudishwa kwa mume ambaye umeshamwaibisha, ukampikie.

Mimi mwenyewe nilipita kwenye benchi lile. Nilichagua kuachika. Nilirudisha mahari, nikahamia chumba cha uani kwa kaka, mambo yakaisha kimya. Lakini yapo maneno niliyotaka kumwambia yule mwanamume, na mpaka leo ninayo, na yeye ameshakufa. Kwa hiyo swali la kaka nililielewa kuliko wengi.

Akishajua unachotaka ndipo anachovya kalamu. Aliandika ulivyosema wewe. Hakutia chumvi, hakupunguza, hata pale alipojua umekosea. Kisha anakusomea barua yote kwa sauti, anakutazama na kuuliza, "Ndivyo?" Ukisema, "Ndivyo," unabonyeza kidole gumba. Niliwaona wanawake wakiinuka pale nyuso zimewatulia kabla hata barua haijafika popote. Nadhani wengi hawakuwahi kusikilizwa na mwanamume mpaka mwisho wa maneno yao.

Nyumbani, sasa, alikuwa mtu mwingine. Nampenda kaka yangu lakini sitamfunika. Masikio yake aliyaacha kule kibarazani pamoja na meza. Mkewe, wifi yangu Mwanne binti Kashindye, alitoka Isikizya, mrefu, maneno machache, akitwanga anaimba Kinyamwezi cha kwao. Alijaliwa mtoto mmoja tu, Mwanajuma. Mtoto huyo alilelewa kama yai, na alipokua baba yake alimchagulia mume mwenyewe. Akamwoza Mfaume, mtoto wa Shomari, rafiki yake tangu walipokuwa chuo cha Kurani wakichapwa fimbo moja. Shomari na mwanawe walifanya biashara ya karanga na nta huko Igalula, karibu na stesheni. Harusi ilikuwa ya kupendeza. Mimi nilicheza mpaka kanga ikadondoka.

Mwaka wa arobaini na saba, siku chache kabla ya mfungo, Mwanajuma alishuka kwenye treni akitokea Igalula. Hakwenda nyumbani. Alikuja moja kwa moja pale kibarazani, akaniamkia shikamoo, akaketi mwisho wa benchi nyuma ya akina mama wengine. Jua lilikuwa kali, lakini alikuwa amejitanda kanga mpaka kwenye vidole.

"Mwanangu, si ukapumzike kwanza?" nilimwambia.

"Shangazi, acha nisubiri zamu yangu."

Zamu ilipofika akasogea mbele, na kanga ikamteleza mkono wa kushoto. Mimi niliuona ule mkono, kutoka kwenye kiwiko kwenda chini, ulivyobadilika rangi na kuvimba. Aliufunika haraka. Kaka alikuwa ameinama, anahangaika na kifuniko cha chupa ya wino. Alipoinua uso, hakumuuliza lile swali lake.

"Nenda nyumbani kwa mama yako," alisema. "Hapa si mahali pako."

"Baba, nimekuja kuandikiwa kama wengine."

"Nenda nyumbani, Mwanajuma."

Akaenda. Watu wa benchi wakatazama chini. Kule nyumbani Mwanne alimwogesha mwanawe, akaona aliyoyaona, na mume aliporudi akamwangukia miguuni. Lukumani akasema watu watamcheka, kwamba amevunja ndoa za wenzake zikamwishia, sasa anaanza ya mtoto wake. Akasema Shomari ni ndugu yake na mambo hayo yatamalizwa kiutu uzima. Kweli alimwandikia Shomari barua, ya adabu tupu, salamu nyingi na shida kidogo. Siku ya tatu akampeleka Mwanajuma stesheni yeye mwenyewe, akamkatia tikiti ya kurudi.

Na mimi je? Mimi niliamka mapema, nikakaanga vitumbua, nikamfungia kumi kwenye jani la mgomba vya kula njiani. Nikamwambia, "Vumilia, mama, ndoa zote ndivyo zilivyo." Mimi, mwanamke niliyeshindwa kuvumilia ya kwangu! Alivipokea kwa mikono miwili. Najuta mpaka leo, na kujuta kwenyewe hakunisaidii kitu.

Mwezi mmoja na nusu baada ya Idi tuliletewa habari kwamba amefariki. Aliteleza kisimani akiwa na debe la maji kichwani, mimba ya miezi sita. Ndivyo walivyosema watu wa kwa Mfaume. Tulipanda treni ya asubuhi. Mwanne ndiye aliyemwosha mwanawe, na alipotoka chumbani alinawa mikono, akakaa kwenye mkeka. Hakupiga hata ukelele. Mfaume alikuwa akilia nje kwa sauti kubwa, wanaume wamemshika.

Baada ya arobaini, nyumba yetu ikawa kama nyumba yoyote. Mwanne alipika, akafua, akafagia. Alichoacha ni kuimba. Na zamani alikuwa akimwita mumewe Baba Mwanajuma, kama ilivyo desturi, lakini tangu siku ile akawa hamwiti jina lolote. Mara kwa mara, wakishakula, alianza, "Yule mtoto siku ile alipokuja..." Lukumani husema, "Mapenzi ya Mungu," anachukua kofia yake msumarini, anatoka. Mara kumi, mara ishirini, kofia ile ile, msumari ule ule. Mimi nilimtetea kwa wifi yangu. Nilimwambia kwamba kaka hakuuona mkono, alikuwa ameinama anafungua wino, mwanamume akiona mkono kama ule wa mwanawe hawezi kumrudisha. Mwanne alikuwa akinisikiliza kwa makini mno nikisema hivyo. Wakati mwingine aliniomba nirudie.

Miaka mitatu ikapita. Jumanne moja ya kipupwe, vumbi linapeperuka barabara nzima, nikamwona wifi yangu anakuja. Nilidhani amenifuata mimi. Akanipita. Akaketi kwenye benchi, wa tatu, kanga mpya, miguu imeoshwa.

"Wifi, vipi? Nyumbani kuna nini?"

"Nyumbani hakuna kitu," alisema. "Nasubiri zamu yangu."

Nilipandwa na hasira, sitaficha. Kumdhalilisha kaka yangu mbele ya wateja wake! Nilimwambia kwa sauti ya chini kwamba hana haya, ainuke, mambo ya chumbani yasemwe chumbani. Lukumani alikuwa akiwahudumia wawili wa mwanzo na hakutazama, mpaka benchi liliposogea na Mwanne akawa mbele yake.

"Mama Mwanajuma," alisema kaka, "kuna nini?"

"Nimekuja kuandikiwa, Wakili."

Hakuwahi kumwita Wakili hata siku moja. Kaka akatazama huku na huku. Akaanza, "Nenda nyumba..." Alikumbuka, na mimi nilikumbuka, na Mwanne alikuwa anatungoja sote wawili tukumbuke. Kaka akaweka kalamu chini, akaegemeza shavu kwenye kiganja.

"Unataka kuachika," aliuliza, "au unataka kusikilizwa?"

"Kusikilizwa."

"Dhidi ya nani?"

"Dhidi ya mume wangu, Lukumani bin Shaban."

Sasa hapa ndipo nilipomwona kaka yangu akifanya kazi yake kwa haki, ingawa roho ilikuwa inamtoka. Alimweleza kama angemweleza mgeni. Alisema, "Bibi, ukitaka kuachika, mumeo yuko tayari. Atakupa talaka leo hii hii, wala hutarudisha kitu. Ukienda barazani Liwali na Kadhi watataka kosa. Kunyimwa chakula, kunyimwa nguo, kupigwa, kutelekezwa. Una lipi?"

"Sina hata moja."

"Basi utashindwa. Ukishindwa utarudishwa kwake."

"Najua."

Akasogeza uso karibu, akapunguza sauti, lakini nilisikia. "Sema hakulishi. Sema hivyo, nami sitakanusha. Utashinda."

Mwanne alimtazama kwa huruma, naapa ilikuwa huruma. "Umenilisha miaka ishirini na minne," alisema. "Sisemi uongo juu ya chakula chako. Andika."

Akaandika. Nayakumbuka maneno karibu yote, maana sikuuza kitumbua hata kimoja wakati ule, na wateja wangu nao hawakudai.

"Mimi Mwanne binti Kashindye namshitaki mume wangu. Hajaninyima chakula wala nguo. Hajanipiga, hajanitukana. Lakini mtoto wetu alikuja kwenye benchi hili kuomba aandikiwe, akamkatalia. Angekuwa mtoto wa mtu mwingine angemwandikia. Hakumuuliza kitu. Hakuutazama mkono wake."

Hapo kalamu ilisimama. Wino ukatengeneza doa kwenye karatasi, na kaka alichukia doa kuliko chochote. Mwanne akasubiri. Kaka akaandika. Wakaendelea.

"Alimrudisha stesheni yeye mwenyewe. Mimi ndiye niliyemwosha mwanangu. Nimeona alama zilizopona na alama zilizokuwa hazijapona. Nikitaka kuyasema haya nyumbani, mume wangu anachukua kofia yake anatoka. Namwomba Liwali amwamuru aketi anisikilize."

Hasira yangu iliisha pale. Nilijifunika uso kwa kanga iliyojaa moshi na mafuta.

Kaka akasoma barua kwa sauti, kama alivyowasomea wote. Alifika kwenye mkono, akanyamaza. Mwanne ndiye aliyelisema lile neno kwa niaba yake, "Hakuutazama mkono wake," na kaka akaendelea kutoka hapo mpaka mwisho.

"Ndivyo?" akauliza.

"Ndivyo," Mwanne akasema, na akabonyeza kidole.

Shauri lilipangiwa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Siku zote hizo Mwanne alilala chumbani kwangu, hatua chache kutoka kwa mumewe. Alipika kama kawaida, mimi nikapeleka sahani. Lukumani alikula kidogo, akarudisha sahani akasema ahsante. Mji ulikuwa unatokota. Wengine walisema Wakili amerogwa, wengine walisema mwanamke ndiye amerogwa, na wanawake wa benchi hawakusema kitu.

Alfajiri ya Alhamisi Mwanne alinisaidia kukoroga unga. Nikamuuliza kwa nini haichukui talaka anayopewa bure, aende zake kwao kwa heshima.

"Nani amekwambia nataka kuachika?" alinijibu. Akakoroga kidogo. "Nikishindwa si ndiyo nirudi jikoni kwangu? Nataka akae chini tu, wifi, asikie mpaka mwisho. Aseme, ni kweli nilikosa, sikutazama. Hapo nitamwita Baba Mwanajuma tena. Nina hamu ya kuliita lile jina. Sina mtu mwingine wa kumwita hivyo."

Nililia machozi yakaingia kwenye unga. Kwa mara ya kwanza nilitamani wifi yangu ashindwe, na ashindwe vizuri.

Barazani watu walijaa mpaka nje. Liwali aliketi na Kadhi ubavuni, karani akasimama kusoma. Liwali akaitazama ile karatasi kabla hajaitoa mkononi.

"Huu mwandiko naujua. Wakili, hii si hati yako?"

"Yangu, Bwana Liwali."

Watu wakacheka. Liwali mwenyewe alitabasamu. "Umejiandikia mashitaka?"

"Aliyekuja kuandikiwa huandikiwa, Bwana Liwali."

Karani akasoma. Kicheko kilikauka kabla hajafika nusu. Alipomaliza, ulisikia mbuzi wakilia kule machinjioni. Liwali na Kadhi wakainamiana, wakanong'onezana kwa muda mrefu, kisha Kadhi akasema kwa upole kwamba mama huyu ana msiba mkubwa, Mungu amjaze subira, lakini kwa sheria hana shauri. Analishwa, anavishwa, hapigwi. Ndoa haivunjwi kwa hilo. Liwali akamgeukia Lukumani akamuuliza kama ana neno.

Hebu fikiri. Alichotakiwa ni kunyamaza tu. Au aseme lile neno moja ambalo mkewe alilisubiri miaka mitatu, ni kweli, sikutazama. Angerudi nyumbani na mke wake. Mimi pale nyuma nilikuwa nimeshika mikono yangu mwenyewe, namwombea.

Alisimama, akavua kofia yake, akaiweka chini sakafuni.

"Aliyosema mke wangu nimeyasikia," alisema. "Yote ni kweli ila moja. Nimeliandika kwa sababu ndivyo alivyosema, na kazi yangu ni kuandika mtu anavyosema. Lakini hapa nimeulizwa mimi." "Amesema sikuutazama mkono. Niliutazama. Niliuona kabla sijainama. Niliinama kwenye wino ili mtoto asijue kwamba nimeona, maana angejua nimeona, ningelazimika kumwandikia."

Sijui nilisikia nini baada ya hapo. Nilimwona Mwanne akigeuza shingo polepole. Hakumtazama mumewe. Alinitazama mimi, mimi niliyemwambia miaka mitatu kwamba hakuona. Ningeweza kuzama ardhini ningezama. Kisha akasimama, na sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Bwana Liwali, nimesikilizwa. Sasa nataka kuachika."

Kadhi akaanza kusema kwamba hilo liko kwa mume. Lukumani hakumngoja amalize, mtu ambaye pale mezani pake hakuwahi kumkatiza mtu. Akasema, "Nimemwacha, talaka moja." Akaomba karatasi. Karani alitaka kuandika, yeye akamwambia tafadhali, ni kazi yangu. Aliandika kwa kusimama, kwenye ukingo wa meza ya karani, mistari minne bila doa. Akamsomea mkewe taratibu. Akamtazama.

"Ndivyo?"

"Ndivyo."

Talaka moja ni mlango ulioachwa wazi. Kwa miezi mitatu ya eda mume akisema amemrejea, mke amerudi. Mwanne alikaa eda yake chumbani kwangu, na mji mzima ulikuwa unahesabu siku. Kila jioni kaka alipita mbele ya mlango wetu akienda kunawa, akasita kidogo, akapita. Mwezi wa tatu ulipokuwa unaisha nilimfuata.

"Kaka, mrejee. Neno moja tu."

"Nimrejee nimwambie nini, Batuli?"

Nilimtukana, nikaingia ndani.

Eda ilipokwisha, nduguye Bundala alikuja na baiskeli kutoka Isikizya, akafunga sanduku la dada yake nyuma kwa kamba ya katani. Mimi nilikuwa nimeamka tangu jogoo la kwanza. Nilikaanga vitumbua vizuri kuliko vyote nilivyowahi kukaanga, nikavifunga kwenye jani la mgomba, nikampa vya kula njiani. Mwanne akavishika, vikiwa bado moto, akaangalia lile fundo la jani.

"Wifi, ndivyo ulivyomfungia yeye?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Akanirudishia. Hakuwa na hasira, alinirudishia kama mtu anayerudisha chombo cha jirani. Kisha akaifuata baiskeli ya nduguye, kwa miguu, kwa njia ile ya zamani ya wapagazi iliyompitisha mwari kuja kwetu. Sikumwona tena. Alifariki kwao, mvua za mwaka wa pili yake, na sisi tulipewa habari akiwa ameshazikwa.

Lukumani siku ile alikuwa kibarazani kama kawaida. Niliporudi na kifurushi changu mkononi, alikitazama, akaelewa. Alikuwa na mwanamke mbele yake, mgeni, amejitanda mpaka kwenye vidole ingawa jua lilikuwa kali. Nilingoja nisikie lile swali la kila siku. Halikuja, na halikuja tena mpaka alipokufa.

"Mama," alimwambia yule mwanamke, "kwanza nionyeshe mikono."

Mwanamke akaona haya, akatazama huku na huku. Mwishowe akaitoa. Kaka akaitazama, wa kulia kisha wa kushoto, kwa muda mrefu, mbele ya watu wote.

"Nimeona," alisema, na ndipo akafungua wino.

Hivyo ndivyo alivyofanya kwa kila mwanamke, miaka minane iliyobaki. Wengine walisema amekuwa wa ajabu uzeeni. Mimi vitumbua niliendelea kuuza pale pale, lakini mtu akiniomba nimfungie vya safari, namwambia vimekwisha.